Sadaka ya Kelele

...na hata hakugeuka, mtoto hakugeuka hata mara moja kumtazama mama yake, Janelle alikuwa akiwaza pale benchini, ameubana mkoba mapajani, aliruka tu kutoka garini na begi lake la shule mgongoni, begi la shule siku ya Jumapili, jamani, likilia chwacha chwacha kila anapopiga hatua, akapita mlango wa kanisa mbio moja kwa moja mpaka kwa yule, kwa Shelby, mke mpya wa baba yake, mpya kwa namna ya kusema, maana huu mwaka wa tatu, lakini kwa Janelle ataendelea kuwa mpya mpaka parapanda ya mwisho ilie, akamvuta mkono ili ainame, akamnong'oneza sikioni, na Shelby akaziba mdomo kwa kiganja, macho yakamjaa machozi, akamkumbatia Maren mbele ya watu wote waliokuwa wakitundika makoti, akambana kifuani kana kwamba yeye ndiye aliyelala na uchungu wa kumzaa, kisha akanyosha kidole kumwelekeza kwa Janelle, akasema neno, na Maren akaitikia kwa kichwa haraka haraka, ndiyo, ndiyo, akakimbilia kwa wenzake... neno gani hilo, na kidole cha nini, Janelle amesimama na makoti mawili mkononi kama mhudumu wa hoteli, hajui lililosemwa, hajaambiwa, garini alikuwa ameuliza kwa upole kabisa, Maren, mbona chupa ya KUWEKA imeoshwa, imefunikwa kando ya sinki, hela yake iko wapi, na Maren akajibu, "Usiniulize, Mama, utaona mwenyewe," umri wa miaka tisa na jibu kama hilo, kumbe kuna mwingine ambaye haambiwi utaona mwenyewe, huyo anaambiwa palepale, sikioni, mbele ya watu.

Kinanda kimenyamaza, Mchungaji Brouwer ameketi kwenye ngazi chini ya mimbari, magoti yake marefu yamekaribia kidevu, watoto wamemzunguka, na nyuma yao zimepangwa ndoo za bati, zilezile za kunyweshea ndama, zimesuguliwa zinang'aa, kwa sababu leo ni Jumapili ya sadaka ya kelele, watoto watapita kati ya mabenchi na watu watatupa sarafu ili bati lilie, noti hazitakiwi, noti haina sauti, na kila mtu hapa anajua hivyo tangu angali ananyonya, kila mtu isipokuwa Shelby, mtu wa mji wa Omaha, ambaye Jumapili yake ya kwanza alidumbukiza noti ya dola hamsini, ikatua kimya chini ya ndoo, mtoto akachungulia akasema kwa sauti, "Hii imeharibika, hailii," kanisa likavunjika mbavu, na Janelle alicheka kuliko wote, alicheka mpaka akaona haya, akisema moyoni sasa mtamjua, sasa mtaona ni mgeni, lakini yule mwanamke naye akacheka, akaweka mkono kichwani akacheka, na mwezi uliofuata akaja na mfuko wa sarafu za robo dola kutoka benki, mzito kama mfuko wa mbegu, akazimimina kwa konzi mbili, ndoo ikapiga ngurumo, watoto wakaruka, na tangu siku hiyo kila mtoto anataka kupita upande wa Shelby kwanza, na Maren ndiye wa kwanza wao, Maren huenda kule kwanza, kila mwezi, kushoto kwanza, kwa Shelby na Darrin, baba yake, ndipo avuke aje kulia kwa mama yake, ambaye hudondosha senti zake moja moja, polepole, ili zidhaniwe nyingi.

"Pesa zetu ni za nani?" Mchungaji anauliza. "Za Munguuu," watoto wanaitika kama wanaoimba, na Janelle anaitika nao bila kutaka, midomo tu, maana alilelewa na wimbo huo, babu yake alitoa fungu la kumi hata la mayai, kumi yakipatikana moja linawekwa kapu la kanisa, na baba yake alimpa zile chupa tatu alipokuwa na miaka mitano, ya Mungu kwanza, ya kesho pili, ya tumbo mwisho, na Maren alipofika miaka mitano Janelle alikula matango ya siki mpaka akachoka ili apate chupa zinazofanana, akabandua karatasi zake kwa maji ya moto na magadi, akaandika kwa mkono wake, kwa wino usiofutika, KUTOA, KUWEKA, KUTUMIA, na ile ya KUWEKA... ile ilikuwa ya ziwani, yao wawili, wiki moja ya kiangazi, hema moja, hakuna baba, hakuna Shelby, hakuna ile boti yao yenye viti vya ngozi, Maren atie sarafu zake na Janelle atie zake za zamu za ziada kule jikoni kwa nyumba ya wazee, na kila Jumatatu jioni walikuwa wakiitikisa pamoja wasikie uzito umefika wapi... na imeoshwa, imefunikwa kando ya sinki, safi, mtoto ameiosha kwa sabuni kabisa, kama mtu anayefuta nyayo zake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema watu, lakini hawasemi itakuwaje ukimlea Jumatatu mpaka Alhamisi na mwingine, wiki moja ndiyo wiki moja siyo, akamlea Ijumaa mpaka Jumapili, mmoja anafundisha kwa chupa na mwingine kwa mfuko usiokwisha, mmoja anasema toa, mwanangu, lakini kwa utaratibu, na mwingine anasema toa tu, mpenzi, Mungu ataleta nyingine, na kweli italetwa, italetwa na Darrin, ana maduka mawili ya matrekta, kwa nini isiletwe, kutoa ni moyo wala si utajiri, hewala, lakini utajiri nao unaulainisha moyo, usidanganywe.

Na lile koti... asiliwaze lile koti, lakini limekwisha kuja, koti la zambarau lenye manyoya kofiani, Janelle alilinunua kwa zamu za Sikukuu ya Shukrani, wengine wanakula bata mzinga yeye anaosha masufuria ya watu themanini, na Maren akalivaa wiki mbili, akatoka nalo kwa baba yake Ijumaa, akarudi Jumapili na koti jingine, jipya, la bei, "Nimempa Rosa la zambarau, Mama, la kwake lilikuwa halifungi, na Shelby akaninunulia hili, Shelby kasema nina moyo wa dhahabu," na Janelle akasema, Mungu amrehemu kwa alilosema, "Halikuwa lako kutoa," na uso wa mtoto ukafunga kama dirisha, na baadaye kwenye simu Shelby, kwa sauti yake ya asali, "Janelle, pole, ningekuuliza kwanza, sikuwaza," hakuwaza, ndiyo, asiyelipia hana haja ya kuwaza, na Janelle akajikaza kisabuni akasema si kitu, si kitu kabisa, akakata simu akasimama jikoni roho ikimuuma, si kwa ajili ya koti, Rosa alistahili koti, hata yeye angempa, hilo ndilo lililomchoma, kwamba hata yeye angempa lakini hakupewa nafasi, sifa ikaenda upande mwingine wa kijiji pamoja na moyo wa dhahabu. Roho ya kwa nini, mama yake angesema, una roho ya kwa nini, Janelle, iombee. Ameiombea. Haitoki. Inahama chumba tu.

Mkono mkavu unamgusa bega kutoka nyuma, Bibi Wilma Postma, mke wa shemasi, na pipi yake ya mnanaa ya kila Jumapili, "Chukua, mwanangu, umekunja uso kama uliyemeza siki," na Janelle anaipokea, ananong'ona asante, anaitia mdomoni, na mbele kule Mchungaji anasema, "Leo ndoo zetu ni za mfuko wa mashemasi, nani anajua mfuko wa mashemasi ni wa nini?" na Janelle anaivunja pipi kwa meno, la, hapana, leo si wa maji ya Afrika, si wa Biblia za magereza, kwa nini leo, na Bibi Wilma amejua nini, mumewe humwambia, ama hamwambii... maana ni Gerrit Postma aliyekuja, Januari, siku zile ambazo hata mate yanaganda kabla hayajafika chini, tanuru la kupasha nyumba joto lilipokufa na fundi akasema halifai kutengenezwa, na Janelle akawasha jiko la kuokea akaacha mlango wake wazi, wakalala yeye na Maren jikoni na makoti yao, naye hakumwambia mtu, angemwambia nani, Darrin?, ili Shelby aje na mablanketi na supu na sauti ya asali, afadhali kuganda, lakini kuna mtu aliona moshi hautoki, kijiji hiki kinahesabu moshi, na mzee Gerrit akasimama mlangoni kofia mkononi akasema, "Tutaleta jingine kesho. Tunajua sisi na Mungu, basi," na kweli wakalileta, na Janelle akamkamata Maren mabega akamwambia hili ni la nyumbani, umesikia, si la kwa baba, si la kwa Shelby, si la shule, na Maren akasema, "Kwa nini, tumefanya vibaya?" na Janelle akasema hapana, na hakusema zaidi, maana angesemaje, yeye anayefundisha darasa la watoto la Jumapili habari za kutoa, mwenye chupa, mwenye mpango, asemeje kwamba mkono wake ulipogeuzwa kiganja juu ulimuuma kuliko baridi.

"Ni wa wakati mtu amekwama," anasema mtoto mmoja, na Mchungaji anasema, "Vizuri sana, na kwa nini tunatoa?" na maikrofoni inaanza safari yake, mkono kwa mkono, na hapo kila mzazi anajinyosha kidogo, maana watoto na maikrofoni, asiyewaogopa hajazaa, kijana mdogo wa akina Kooiman anaishika kama koni ya aiskrimu, "Baba anasema paa linavuja," kicheko, halafu binti wa meneja wa benki, amesimama wima kabisa, "Mama anasema tukitoa sana kodi inapungua," na kanisa linalipuka, meneja anateremka kwenye benchi mpaka inabaki paji la uso, na Janelle hacheki, kwa sababu maikrofoni imefika kwa Maren, Maren wake, mwenye nywele alizosukwa na Janelle asubuhi hii, mikia miwili, na begi la shule mapajani, na ghafla anaelewa kilichomo begini, na vilevile anajua kuna maneno mawili tu ambayo mtoto huyu anaweza kuyasema, na yote mawili yatamuua, la kwanza ni Shelby, Shelby amenifundisha, Shelby kasema moyo wa dhahabu, na la pili ni tanuru... na ikibidi achague, Bwana, ikibidi, lipi, kanisa zima lijue alikuwa na njaa ya moto akasaidiwa kama mjane, ama mtoto wake wa pekee aseme kwa sauti mbele ya ukoo mzima wa watu waliomjua tangu ubatizo kwamba aliyemfundisha wema ni mwanamke mwingine, na kabla hajamaliza kuuliza moyo umekwisha kujibu, heri tanuru, sema tanuru, mwanangu, lakini usimtaje yule.

"Mimi nimeleta yote ya kwenye chupa ya KUWEKA," Maren anasema, na sauti yake inatoka kwenye spika za ukutani kubwa kuliko yeye. "Yote? Ilikuwa ya nini?" "Ya kwenda ziwani na Mama. Lakini ziwa halihami." Watu wanacheka kwa upole, na Janelle anahisi mashavu yanawaka, halihami, hiyo ni kauli yake mwenyewe, aliisema mwaka jana hela ilipopelea, usilie, ziwa halihami, "Na kwa nini umeamua hivyo, Maren?" na mtoto anavuta pumzi kwenye maikrofoni, inasikika kama upepo, "Kwa sababu Januari tanuru letu lilikufa na mashemasi wakatuletea jingine. Ni siri ya nyumbani. Shelby kaniambia pale mlangoni nimuulize Mama kwanza kama naweza kusema, nikasahau." Hakuna anayecheka sasa. Benchi la mbele mtu amekohoa, akaacha katikati. Muulize mama yako kwanza, ndilo neno lile, ndicho kidole kile... "Na siku waliyolileta, shule ilifungwa mapema kwa sababu ya theluji, nikarudi nikamkuta Mama amekaa kwenye ngazi za kushukia chumba cha chini, kwenye tanuru, peke yake, analia, halafu akainuka akaliwekea mkono, tanuru, hivi, kama unavyomshika ng'ombe, akasema asante. Akasema mara nyingi. Hakujua nipo. Sijawahi kumwona Mama amefurahi hivyo. Kwa hiyo mimi nataka mama wa mtu mwingine naye afurahi hivyo." Anafikiri kidogo. "Basi. Ndiyo hivyo tu," na anampa maikrofoni mwenzake, ambaye haitaki.

Alikuwapo. Alikuwa amesimama pale juu na theluji kwenye viatu, na Janelle alidhani yuko peke yake, alidhani hakuna aliyeona, na yale machozi hata hayakuwa ya furaha, mtoto, yalikuwa ya aibu, aibu tupu, nusu yake angalau, ile nusu nyingine... ile nusu nyingine bati lilikuwa la joto, ni kweli, aliliwekea mkono na joto likampanda mpaka kwenye kiwiko, na akasema asante, na hakuwa akimwambia Gerrit wala mashemasi, na kwa muda ule mfupi hakuwa na deni kwa mtu wala hakumwonea mtu kijicho, alikuwa mtu tu aliyepewa, na mtoto amekibeba hicho, si chupa, si wino usiofutika, si masomo yote yale ya Jumapili na vielelezo vya karatasi za rangi, amelibeba lile moja ambalo mama yake alilificha, na Shelby hakumfundisha, hakuna aliyemfundisha, amechungulia tu kutoka juu ya ngazi. Mkono wa Bibi Wilma umerudi begani, safari hii hauna pipi, umekaa tu. Watu hawageuki kumtazama, wanajizuia, anawaona wanavyojizuia shingo zao, wema wao wa kizamani huo, na Darrin kule kushoto amekuwa mwekundu mpaka masikioni, na aone haya, ni haki yake, na Shelby...

Na Janelle anageuza macho kumtazama Shelby, hawezi kujizuia, anatazama ili ashinde, ndio ukweli, maana ameshinda, Mama, Mama, Mama, mtoto amesema Mama mpaka spika zikachoka, na Shelby ametajwa mara moja tu, kama bawabu aliyeulizwa mlango uko wapi, na furaha inampanda Janelle mbaya na tamu, Mungu amsamehe, tamu kweli, mpaka anapouona ule uso. Shelby halii. Anatabasamu, anawatabasamia watu, kama kawaida, lakini mdomo wa chini umeumwa kwa ndani na macho yamemganda kwa Maren, kwenye ile mikia miwili, yanamfuata mtoto anapoinuka, anapojipangusa, anapomimina begi lake kwenye ndoo kwa kishindo ambacho kimemfanya Mchungaji aruke, yanamfuata yakiomba, na Janelle anaujua uso huo, anaujua kuliko anavyoujua uso wa Shelby, hajapata kuuona kwa nje, kwa mtu mwingine, lakini ndio, ni uleule, wa mtu anayehesabu ametajwa mara ngapi. Miaka yote mitatu. Na yeye akidhani mwenye kuumwa ni mmoja. Yule hana chupa, hana mtoto wa kwake, ana koti la kununua na robo dola za kumimina kwa konzi, na Jumapili jioni saa za kumrudisha mtoto, anasimama pale kwenye kibaraza chake anapunga mkono mpaka gari linapotea, Janelle amemwona mara nyingi kwenye kioo cha gari, amekuwa akisema moyoni, tazama anavyojionyesha.

Haimpendezi kujua hivyo. Angependa asijue, angependa akae na ushindi wake angalau mpaka wimbo wa mwisho, lakini kinanda kimeanza kucheza, watoto wameshika ndoo, wameteremka ngazi, sarafu zinaanza kulia huku na huku kwenye bati, na Maren anakuja katikati, anavuta ndoo yake kwa mikono miwili maana imekwisha kuwa nzito, na safari hii hatazami kushoto. Anamtazama mama yake. Anakuja kulia. Anakuja kwake kwanza, kwa mara ya kwanza, uso umejaa swali, umekasirika, Mama?, na Janelle anahisi kila kitu mwilini mwake kinanyosha mikono, njoo, njoo, ni yangu, hii niachieni, sina nyingine, na kule ng'ambo ya njia Shelby ameinamisha kichwa ghafla anatafuta kitu mkobani ambacho hakitafuti. Roho ya kwa nini haijatoka, iko palepale, inampiga mateke. Mtoto amefika mwanzo wa benchi. Janelle anamshika shavu kwa kiganja, shavu la moto, anaona swali linayeyuka, na anainama mpaka sikio la mtoto, pale ambapo asubuhi yote alitaka kuwa.

"Sijakasirika," anasema. "Anzia kule. Kwa Shelby kwanza."

"Kweli, Mama?"

"Nenda. Halafu uje."

Na Maren anaigeuza ndoo, anavuka njia, anajikokota nayo, mikia miwili ikimpiga mgongoni, na Janelle anaumia, anaumia kila mahali, amekaa na mkoba mapajani kama alivyokuwa, anasubiri zamu yake.